Salamu zikianza kukatika, shika simu upige

Ndugu uliyeuliza mbona kundi la mtaa wenu lilianza kwa mapenzi na sasa ni matusi matupu, na kama kuna dalili mtu angeziona mapema: zipo. Mimi zilinipita zote.

Ni admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu huku Kisauni, Mombasa. Tulilifungua kwa ajili ya maji tu. Mfereji ukitoa, mmoja huandika, wengine wakakimbilia mitungi, maana ukichelewa ni kumngoja mwenye mkokoteni. Tulikuwa kama 40, twajuana mpaka watoto. Mtu alianza kwa salamu, akamuulizia mgonjwa wa jirani, ndipo aseme la maji.

Mwaka 2022 WhatsApp ikapanua makundi kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1,024, na ndio mwaka wa uchaguzi. Tukaingiza kila aliyeomba. Nikizisoma jumbe za wakati ule, naona salamu ndizo zilizotangulia kupotea. Zikafuata majina: "Mama Fulani" akawa "wewe". Mwisho ikaja "nyinyi".

Usiku mmoja dada aliuliza, "Huko juu yatoka?" Mzee wa nyumba za juu akajibu, "Yatoka." Basi. Kijana wa nyumba za chini akaandika, "Nyinyi wa juu hamkosi." Mtu akatia emoji ya kucheka. Mwingine akarusha skrinishoti ya maneno ya mzee ya miezi mitatu nyuma. Kufika saa sita hakuna aliyetaja maji tena. Walikuwa kwenye nani mwenyeji na nani wa kuja. Watu 14 walijitoa.

Asubuhi nikampigia mzee. Kumbe alijibu akiwa anashuka feri Likoni, kifurushi mkono mmoja, akatia simu mfukoni, akaenda zake kulala. Hakujua kama kuna vita.

Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu yanayowafanya watu wafunguke ovyo mtandaoni. Kujificha jina ni mojawapo, lakini kwetu halikuwepo, namba na majina yote yako wazi. Mengine mawili ndiyo yaliyotumaliza: humwoni mwenzio, na jibu halitoki papo hapo. Barazani uso ukibadilika waona, na maneno yakipanda hakosi mtu wa kusema, "Jamani, mswalieni Mtume," kikombe cha kahawa kikazunguka. Saa sita usiku, kila mtu kitandani na simu yake, nani atasema hivyo?

Siku hizi saa nne usiku nafunga, wanabaki maadmini tu kuandika, mpaka alfajiri. Hilo limesaidia kuliko kanuni zote tulizobandika. Na nikiona "nyinyi" ya kwanza sijibu kundini kabisa. Ukimkanya mtu mbele ya watu 300 umemlazimisha ajitetee, hata kama moyoni ashajua kakosa. Nampigia simu, namsalimu, namuuliza habari za nyumbani, na mara nyingi anaifuta mwenyewe kabla sijafika kwenye hoja. Fanya hivyo ndugu yangu, na ufanye mapema, kabla skrinishoti hazijaanza.

Yule kijana wa nyumba za chini hajarudi kundini mpaka leo. Mfereji ukitoa, humpigia nikamwambia.