Kwa nini herufi L inaandika 3 kwenye TRS-80 Model 100?

SWALI: Fundi, nimepewa kompyuta ya TRS-80 Model 100 ambayo bado inawaka. Nikiwa ndani ya BASIC (lugha ya kuandikia programu) nikaandika list, kwenye skrini hutokea 35st, na nikibonyeza ENTER hailalamiki kosa lolote. Je, kibodi imekufa? Na vitufe vya LABEL, PASTE, GRPH na CODE vina kazi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kibodi yako ni nzima, kilichobanwa ni kitufe cha NUM, ambacho ukikibonyeza hubaki chini mpaka ukibonyeze tena. Mashine hii ilipotoka mwaka 1983 haikuwa na nafasi ya kuweka tarakimu pembeni, kwa hiyo waundaji waliazima herufi za mkono wa kulia: M ikawa 0, J, K na L zikawa 1, 2 na 3, na U, I na O zikawa 4, 5 na 6. Ndiyo maana L na I zako ziligeuka 35. BASIC nayo haikulalamika kwa sababu tarakimu zinazotangulia huzihesabu kuwa namba ya mstari wa programu, ikauhifadhi mstari wa 35 wenye upuuzi ndani yake. Inua NUM, kisha andika 35 na ubonyeze ENTER, nao utafutika.

LABEL huonyesha chini ya skrini, katika mstari wa nane ambao ndio wa mwisho, kazi ya kila kitufe kuanzia F1 hadi F8. Ninashauri uiache ikiwaka, kwani kazi hizo hubadilika kila unapohama programu. Katika TEXT, programu ya kuandikia maandishi, kwa mfano, F7 huanza kuchagua maneno, mishale huongeza eneo lililochaguliwa, F5 hunakili au F6 hukata, na PASTE huyabandika pale unapotaka. Katika BASIC, F6 na F7 huwa tupu, nawe unaweza kuzipa kazi yako mwenyewe, mradi isizidi herufi 15. Mimi huandika hivi:

KEY 6,"PRINT FRE(0)"+CHR$(13)

Tangu hapo F6 hunieleza kumbukumbu iliyobaki, jambo la maana katika mashine iliyouzwa ikiwa na kilobaiti 8 au 24 tu.

GRPH na CODE hushikiliwa pamoja na kitufe kingine, kama SHIFT. GRPH hutoa michoro na vipande vya kuchorea masanduku, na CODE hutoa herufi zenye alama za lugha za Ulaya. Alama hizo zikihamishiwa kompyuta nyingine mara nyingi husomeka ovyo.

Jihadhari na kitufe cha PRINT. Ukiigusa pasipo printa, mashine huganda ikiisubiri, na wengi hapo hukimbilia kuizima. Shikilia SHIFT kisha ubonyeze BREAK, nayo itakurudishia kibodi.