Usitie shabu kwenye tangi

SUALI: Assalaam alaykum. Tunakaa Fuoni, tuna tangi la plastiki la lita 1,000 juu ya paa, lina miaka minne. Maji yanaingia na harufu ya tope na vichembe vyeusi, hasa siku yanaporudi baada ya kukatika. Kila Ijumaa natia kifuniko kimoja cha jiki. Fundi katwambia tutie nusu kilo ya shabu, tangi litajisafisha lenyewe. Ni sawa?

JIBU: Waalaykumu salaam. Si sawa, na shabu hiyo usiitie.

Kazi ya shabu ni kulishikanisha tope lililoelea, liwe zito, lizame. Kwenye ndoo inafaa, kwa sababu baadaye unayamimina maji ya juu taratibu na kuliacha tope chini. Tangi halimiminwi. Bomba la kutolea maji limetobolewa sentimita chache tu kutoka chini, kwa hiyo kila kinachozama kinakaa pale pale mlangoni. Maji yakirudi kwa nguvu yanalivuruga, nalo linashuka hadi mferejini. Ndiyo sababu unaliona siku hizo. Nusu kilo ya shabu itakuongezea tope la kuvurugwa. Tena shabu si dawa ya kuua vijidudu, na ni makosa makubwa kumwambia mtu kwamba inaua katika visiwa ambavyo kipindupindu kimewahi kuingia zaidi ya mara moja.

Kifuniko cha Ijumaa nacho hakisaidii. Mililita 10 hivi za jiki ya asilimia 3.5 katika lita 1,000 ni dawa kidogo sana, na ukoga uliogandama ukutani mwa tangi unaimaliza kabla haijafika kwenye vijidudu. Ile harufu ya jiki isikudanganye. Klorini, yaani dawa iliyomo kwenye jiki, hata ikishashikana na uchafu inanuka pia.

Vichembe vyeusi, kisugue kimoja kwa vidole. Kikiteleza na kupondeka, ni ukoga. Kikipaka weusi kama wino, ni mpira wa koki au wa maungio unaooza. Badilisha mipira, kuosha tangi peke yake hakutaondoa tatizo.

Tangi lazima lisuguliwe. Tumieni maji mpaka yabaki kina cha kiganja, kisha fungeni koki ya kuingiza na ya kutoa. Sugueni kuta, chini, na upande wa ndani wa kifuniko (huo husahauliwa kila mara) kwa brashi ya plastiki yenye mpini mrefu. Brashi ya waya inakwaruza plastiki, na ukoga hujificha kwenye mikwaruzo. Sabuni ya unga msitie, haitoki upesi. Tope litolewe juu kwa kopo na tambara, lisishushwe kwenye mabomba. Suuzeni mara mbili.

Dawa inakuja baada ya hapo: jazeni tangi, na mtie lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, iliyochanganywa kwanza kwenye ndoo ya maji. Fungulieni kila mfereji, na bomba la kuogea, mpaka harufu ya jiki itoke, kisha fungeni. Iacheni saa 24. Maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi. Mwageni yote, ila si kwenye karo la choo, maana yataua bakteria wanaoozesha uchafu mle. Jazeni upya, yamwageni mpaka harufu ikatike. Kazi hii ifanyike kila miezi sita, na bomba la kumwagia ziada lifungwe kipande cha chandarua, mbu wasiingie kutaga.

Vichujio vidogo vya midomo ya mifereji na vya bomba la kuogea vifungueni siku hiyo hiyo. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa. Vilowekeni kwenye siki usiku mmoja. Lakini siki na jiki zisikutane kabisa, wala jiki na asidi ya choo. Hutoka gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu.

Hapa ndipo hizi "dawa za tangi" zinazouzwa katika chupa za maji zilizotumika zinapotia hofu. Hazina karatasi ya maelezo, hujui kama ni asidi au jiki, wala nguvu yake. Jiki yenyewe ikikaa juani inapoteza nguvu. Mtu anamimina hiyo juu ya jiki ya Ijumaa, kisha anainama tangini kutazama. Kwenye matangi ya chini ya ardhi ni hatari zaidi, hewa mle ni finyu na gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatuama. Asishuke mtu humo baada ya kutiwa dawa yoyote, na mtoto asiteremshwe kamwe kwa sababu eti ni mwembamba anapita. Fundi akija na chupa isiyo na maelezo, mwulize kilichomo. Akishindwa kukitaja, asipande juu ya paa.