Herufi Q bila U

SWALI: Mhariri, ninapocheza Scrabble ya Kiingereza (mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi zenye pointi) mara nyingi hubaki na herufi Q mkononi bila U, nami hupoteza mchezo kwa sababu hiyo. Je, yapo maneno ya kunisaidia, na yana maana gani?

JIBU: Ndugu msomaji, yapo, na baadhi yake unayajua tangu utotoni. Neno la kwanza kukariri ni qi, ambalo kwa Wachina ni nguvu ya uhai inayopita mwilini. Lina herufi mbili tu, lakini Q peke yake ina pointi 10.

Utajiri mkubwa zaidi uko katika maneno ambayo Kiingereza kilichukua kutoka Kiarabu, kwa kuwa Kiswahili nacho kiliyapokea kutoka chimbuko hilohilo: qadi ni kadhi, talaq ni talaka, suq ni soko, na faqir ni fukara. Ukiyasoma kwa sauti utayatambua mara moja, ingawa tahajia ni ngeni. Tazama qadi ubaoni: Q 10, A 1, D 2, I 1, jumla pointi 14 kabla ya miraba ya kuzidisha, yaani ile ya ubaoni inayoongeza pointi mara mbili au tatu.

Ukikosa irabu, kumbuka cwm, neno la Kiwelisi, lugha ambayo huitumia W kama irabu. Maana yake ni bonde la mviringo lililochongwa na barafu mlimani.

Kabla ya kuanza, kubalianeni kamusi mtakayoifuata, maana orodha za maneno hutofautiana.