Jumapili moja tu na watoto: uwapeleke wapi Dar?

Pole na majukumu, dada. Umesema kazini unatoka Jumamosi jioni, watoto wana miaka mitano na tisa, na Jumapili ndiyo siku pekee mnayoonana vizuri. Mimi ningeanza na Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu 1966, na kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, za ukubwa halisi, na watoto wanaingia ndani kabisa. Wa miaka tisa muingize kwenye msonge wa Wahaya aone nyasi zilivyoshuka kutoka kileleni hadi chini. Maswali atakayokuuliza yatawafikisha nyumbani. Siku nyingine mnakuta ngoma, na mdogo hatakaa kwenye kiti.

Coco Beach nayo nzuri kwa mihogo ya pilipili na kachumbari, ila Jumapili jioni inafurika. Nendeni asubuhi maji yakiwa yametoka, waokote makombe. Yakijaa, usimwachie mdogo mkono.

Na tafadhali, usiamke alfajiri kupika pilau la kubeba. Chemsha mayai Jumamosi usiku, beba ndizi, maji na kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kuwafutia. Nguo chafu zitasubiri, wala usione aibu. Saa nane muwe mmerudi, mlale kidogo wote, maana Jumatatu unaamka mapema.