Maswali ya wasomaji: "Kidudu kimerudi tena kifuani kwa mwanangu, dawa imeshindwa?"

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mie nipo Muscat, asili yetu Unguja. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana sistiki fibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi wa ute mzito kifuani, wameniambia jeni yake ni S549R, kaipata kwangu na kwa baba yake, sisi ni watoto wa ndugu. Mwaka jana makohozi yake yalioteshwa wakakuta Pseudomonas, akavuta antibayotiki ya tobramaisini kwa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, siku 28, kipimo kikaja safi tukamshukuru Mungu. Juzi kidudu kilekile kimerudi, na karatasi imeandikwa pia stafilokoka na bakteria wa kawaida wa koo. Kwani humo kifuani wamo wangapi? Dawa imeshindwa au mie nimekosea pahala? Halafu wifi yangu mwanawe ana ugonjwa huuhuu na wanataka kuja kukaa kwetu likizo, watoto wanapendana sana. Nifanyeje?
Mama wa Muscat

JIBU: Wa aleikum salaam bibie. Nianze na hilo linalokuuma, hujakosea pahala. Sudomona, ndo hiyo Pseudomonas ya kwenye karatasi yako, ni bakteria anayeishi kwenye maji na unyevunyevu, sinki, bomba la kuogea, mitaro, udongo wa bustani, na hakuna mama duniani anayeweza kumzungushia mwanawe ukuta dhidi ya unyevu. Mimi na wewe tunaivuta na inatoka zake, kwa mwanao haitoki, basi, tofauti ndo hiyo.

Haitoki kwa sababu ya ute. CFTR ni protini inayopitisha kloraidi na baikaboneti kwenye kuta za njia za hewa, na kwa S549R protini inafika mahali pake vizuri tu ila haifunguki inavyotakiwa, kwahiyo maji hayafuati, ute unakauka unakuwa mzito na vile vinyweleo vinavyousukuma kwenda juu vinalaliwa na uzito. Kidudu kikinasa humo chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana, zinakuja nyingi mno, zinafia humohumo, DNA yao inamwagika na hiyo DNA ni nyuzi ndefu zinazonata, kwahiyo ute unazidi kuwa gundi. Ndo maana ipo dawa ya kuvuta, donasi alfa, ambayo kazi yake yote ni kukatakata DNA. Haiui kidudu hata kimoja na bado inasaidia, ukielewa hapo umeelewa nusu ya ugonjwa.

Sasa wamo wangapi? Wengi kuliko karatasi inavyosema. Maabara inapootesha makohozi inatafuta wale wanaojulikana kuleta shida, sudomona, stafilokoka, hemofilasi, bakholderia na wenzao, wanaokua kwenye sahani yenye hewa ya kawaida. Wataalamu walipoanza kusoma DNA ya makohozi moja kwa moja bila kuotesha wakakuta kundi kubwa, wamo akina prevotela na veilonela ambao hawapendi oksijeni kabisa, na wanapata raha maana ndani ya donge la ute mzito oksijeni karibu haipo. Wengine wanatoka mdomoni na kooni, na kusema kweli bado wataalamu wanabishana nani ana makazi ya kudumu mapafuni na nani kachukuliwa njiani kohozi likipita. Kinachoonekana tafiti baada ya tafiti ni kwamba kwa mtoto na kijana ambaye mapafu yake bado yana nguvu kundi lina aina nyingi, na kadiri mapafu yanavyochoka na antibayotiki zinavyorundikana aina zinapungua mpaka kidudu kimoja, mara nyingi sudomona, kinatawala karibu peke yake.

Na hawa wakikaa pamoja wanabadilishana tabia, hapa naomba usome taratibu maana ndo jibu la swali lako la dawa. Wale wasiopenda oksijeni wanavunjavunja ute kuwa vipande ambavyo sudomona inavila, peke yake isingeuweza ute vizuri. Sudomona nayo inatoa kemikali inaitwa HQNO inayoizuia stafilokoka kupumua, stafilokoka haifi, inapunguza mwendo na kukua vikundi vidogo sana ambavyo hata kwenye sahani ya maabara ni rahisi kuvipita macho, na ikiwa kwenye hali hiyo tobramaisini haiingii ndani yake sawasawa. Yaani adui yake kampa kinga bila kukusudia! Kwahiyo ukiona karatasi imeandika kidudu kinasikia dawa fulani halafu mtoto hapati nafuu uliyoitegemea usidhani umeuziwa dawa feki. Kile kipimo kilifanywa kwa kidudu kimoja, kikiwa peke yake, kinakua haraka, kwenye sahani yenye hewa. Kifuani hali siyo hiyo kabisa.

Kikishakaa miaka sudomona inabadilika yenyewe. Inaacha mkia wa kuogelea, inaanza kujifunika na alijineti ambayo ni utelezi mzito, na inajenga utando. Utando wa bakteria unaujua hata kama hukuwahi kuuita hivyo, tia mkono ndani ya tangi la maji ambalo halijasuguliwa muda mrefu, ule utelezi ukutani ni bakteria walioshikana na kujifunika, ukimwaga maji na kujaza mengine utelezi upo palepale. Ndani ya utando wapo waliolala hawakui, na antibayotiki nyingi zinaua kinachokua.

Ndo maana umri wa maambukizi ni kila kitu. Mwaka 1991 madaktari wa Copenhagen walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopata sudomona kwa mara ya kwanza, waliopewa mapema antibayotiki mbili, kolistini ya kuvuta na siprofloksasini ya kumeza, walikuwa 14, kati yao 2 tu wakafika kwenye maambukizi ya kudumu, na kati ya 12 ambao hawakupewa wakafika 7. Utafiti mdogo lakini ulibadilisha tiba, toka hapo kipimo cha kwanza kikionyesha sudomona hawangoji mtoto aumwe. Kwa mwanao waulize madaktari wake maswali mawili. La kwanza, huyu ni yuleyule wa mwaka jana au ni mgeni? Kuna maabara zinaweza kulinganisha DNA yao, na akiwa mgeni ina maana tiba ya mwanzo ilifanya kazi vizuri tu, kaingia mwingine. La pili, kwa miezi 12 iliyopita vipimo vilivyomkuta nayo ni vingapi? Ikizidi nusu wengi wanaita ya kudumu, ikiwa chini ya hapo bado kuna nafasi ya kuifuta, na kwa maelezo yako naona bado ipo. Usiruke kipimo cha makohozi kila miezi 3 hata akiwa anacheza mpira hana shida, hapo ndo pa kuikamata.

Jambo la kheri kwenu, S549R ndiyo inayoonekana sana Oman, na ni ya lile kundi linaloitikia dawa ya ivakafta, Marekani waliiruhusu kwa jeni hiyo 2014. Hiyo inafungua CFTR yenyewe, ute unalainika. Ila nisikudanganye, utafiti wa wagonjwa wa Ireland uliochapishwa 2017 ulionyesha sudomona ilianza kupungua ndani ya siku 2 tu za ivakafta, ikaendelea kupungua mwaka wa kwanza, halafu ikapanda tena, hakuna aliyeifuta. Hao walikuwa nayo miaka na mapafu yameshaharibika, kwa mtoto ambaye bado hajafika huko sababu ya kuanza mapema inazidi kuwa kubwa. Kama hajaanzishiwa, uliza. Na akianza msiache kuvuta maji ya chumvi na kumgonga kifua kama mlivyofundishwa mpaka daktari wake aseme.

Nebulaiza: vikombe na mdomo wake vioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumia, vichemshwe dakika 5, vikaushwe juu ya kitambaa safi kwa hewa. Usisuuze mwisho kwa maji ya bomba, utakuwa unamrudishia sudomona kwa mkono wako, na siki haitoshi.

Sasa la binamu yake, hili linaniumiza kuliandika. Wasikae nyumba moja. Watu wawili wenye sistiki fibrosisi wanaambukizana vidudu ambavyo sisi wengine havitudhuru, na wanaambukizana vile ambavyo tayari vimeshazoea mapafu ya mgonjwa na kuzoea dawa. Miaka ya 80 na 90 huko Marekani Kaskazini na Uingereza watoto hawa walikuwa na kambi zao za likizo, wanafurahi pamoja, mpaka ikagundulika bakholderia inapita toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na baadhi wakafa, kambi zikafungwa. Wakionana iwe nje kwenye hewa, umbali wa mita 2, wasishee kikombe wala kijiko. Wapigiane video kila siku wakitaka. Na wifi yako mwambie mapema kabla hajakata tiketi, mwambie ni kwa ajili ya mwanawe pia.

SWALI: Shikamoo daktari. Mi niko Temeke, mtoto wa dada yangu ana miaka 4, nimonia haziishi, ameshamaliza dozi ya TB japo makohozi hayakuonyesha TB, bado anakohoa. Anakula sana hanenepi, choo kina mafuta na harufu kali mno, dada anasema akimbusu anasikia chumvi. Nilitaja CF, yaani sistiki fibrosisi, hospitali nikaambiwa huo ni ugonjwa wa wazungu.
Mjomba

JIBU: Marahaba mjomba, na asante kwa kumsikiliza dada yako, maana hiyo chumvi anayoisikia mdomoni ni dalili ya kweli kabisa. New York mwaka 1948 joto lilikuwa kali na watoto waliokuwa wanaletwa hospitali wameishiwa maji wengi walikuwa na ugonjwa huu, daktari Paul di Sant'Agnese akafuatilia na 1953 yeye na wenzake wakaonyesha jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Kipimo mpaka leo ni hichohicho, jasho, kloraidi ikifika milimoli 60 kwa lita na kuendelea ni ugonjwa.

Na huo siyo ugonjwa wa wazungu peke yao. Kwa Waafrika weusi, hasa Afrika Kusini ambako wamepima, kuna jeni inaitwa 3120+1G>A inayojitokeza sana. Shida ni kwamba vipimo vya jeni vya bei rahisi vilitengenezwa kwa kutazama wagonjwa wa Ulaya, vingine havina hiyo, kwahiyo mtoto mweusi anapimwa majibu yanakuja hana na kumbe hakutafutwa. Muombeni rufaa kwa daktari wa watoto anayeshughulika na mapafu, mwambieni kila kitu kwa pamoja, kikohozi, choo, uzito na chumvi, msikigawe kila siku hospitali moja dalili moja, na muulize kipimo cha jasho na cha kimeng'enya cha kongosho kwenye choo. Aangaliwe na mengine pia, HIV, kinga ya mwili, pumu. Makohozi yake yaoteshwe kwa bakteria wote siyo TB peke yake, sudomona kwa mtoto wa miaka 4 anayekohoa hivyo ingemfanya daktari yeyote akae wima. Kwa joto hili la Dar akilegea na kutapika mkimbizeni hospitali, watoto hawa wanaishiwa chumvi haraka sana.

SWALI: Mimi ni mwalimu Mombasa. Tumepata mwanafunzi, wazazi wametoka naye Uingereza, ana sistiki fibrosisi na anakohoa sana. Wazazi wengine wanataka akae peke yake nyuma ya darasa. Ni sawa?

JIBU: Si sawa mwalimu, hata kidogo. Ugonjwa huu mtu anazaliwa nao, hauambukizi, na vidudu vya kifuani kwake havina njia ya kukaa kwenye mapafu mazima ya wenzake. Waambie wazazi hivyo bila kuzunguka. Anayehitaji kulindwa ni yeye, mtoto mwenye mafua makali asimkalie karibu. Mwache akohoe na kutema kwenye karatasi aitupe, usimwambie anyamaze, kohozi likibaki ndani ndo linamuumiza. Mwache anywe maji na aende chooni bila kuomba mara tatu, na vidonge vyake anavyomeza na chakula asifichiwe ofisini mpaka chakula kipoe. Ila kama shule ina mtoto mwingine mwenye sistiki fibrosisi wasiwe darasa moja, na ratiba zao za kutoka zipishane.