Sikuutia kitu mvinyo wangu, mbona umekuwa siki?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari moja ya zabibu nyekundu za Makutupora hapa Hombolo. Msimu uliopita sikuuza zote. Nilisindika mchuzi wa zabibu lita 200 mwenyewe. Sikutia chachu ya dukani wala ule unga mweupe, kwani nimesikia ni sumu na mimi nataka mvinyo wa asili kabisa. Mwezi wa pili ukaanza kunuka siki na gundi. Jirani anasema kosa ni salfa niliyopiga shambani, eti imeua chachu ya asili. Mwaka huu nataka nisipige chochote. Pia kuna mtu anafundisha kuzika pembe ya ng'ombe yenye samadi. Itasaidia?

JIBU: Marahaba. Hiyo ni siki tayari, na siki hairudi kuwa mvinyo. Usiichanganye na mvinyo mwingine ukidhani itajificha. Utaharibu na huo mwingine. Tenga chombo hicho mbali, maliza kuifanya siki ya mboga, uanze upya.

Jirani yako kachanganya mambo mawili. Salfa ikipigwa karibu mno na mavuno hubaki kwenye ngozi ya zabibu, na chachu huigeuza kuwa harufu ya mayai viza. Harufu ya siki na gundi ni ya bakteria, na bakteria hao wanataka hewa. Hukutaja chombo, ila naona kama nilikuwepo: simtank ya lita 500, mvinyo lita 200, juu kumebaki hewa tele, mfuniko haubani, nzi wadogo wanaingia na kutoka. Nimekosea?

Barua za namna hii napata kila baada ya mavuno, na kosa ni lile lile. Watu wamelichukua neno “asili” kuwa ruhusa ya kwenda kulala. Zabibu ikiachwa yenyewe, mwisho wake wa asili ni siki. Mvinyo ni kituo kifupi njiani, na mtu ndiye anayeusimamisha hapo.

Yule Mfaransa wanaomwita baba wa mvinyo wa asili, Jules Chauvet wa Beaujolais, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa mkemia na mtu wa hadubini. Aliweza kupunguza dawa kwa sababu zabibu zake zilikuwa safi, na alijua ni vijidudu gani vilivyokuwa ndani ya pipa. Huyo ndiye mtu wa “kutotia kitu”. Sasa jilinganishe naye, wewe ambaye hata asidi ya mchuzi wako hukuipima.

Maana hapo ndipo Dodoma inapotuumiza. Zabibu zetu huivia kwenye joto, asidi inashuka, pH (kipimo cha ukali wa asidi, kikipanda asidi imepungua) inapanda. Ule unga mweupe unaouogopa, potasiamu metabisalfaiti, unaozuia bakteria, hutegemea pH: kwenye 3.8 unahitaji takribani mara nne ya kiasi ambacho kingetosha kwenye 3.2. Mchuzi wenye asidi nzuri ulivunwa asubuhi na mapema kabla haujaiva kupita kiasi. Huo unaweza kuupunguzia dawa. Ule uliovunwa saa nane mchana, ukakaa kwenye kreti hadi kesho yake, hauna huruma na wewe. Na mchuzi ukipata joto la kupita nyuzi 35 unapochachuka, chachu inachoka na kuacha sukari njiani, na sukari hiyo inakuwa karamu ya bakteria.

Kuhusu “sumu”: chachu yenyewe hutengeneza kidogo salfaiti, kitu kile kile kinachotoka kwenye unga huo, inapochachusha, kwa hiyo mvinyo usio nayo kabisa ni nadra mno. Wenye pumu baadhi yao hudhurika, na ndiyo maana lebo inapaswa kusema. Lakini angalia viwango. Mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai Umoja wa Ulaya unaruhusiwa hadi miligramu 100 kwa lita, na wa kawaida 150. Wafaransa wenye alama yao ya mvinyo wa asili tangu mwaka 2020 wamejiwekea ukomo chini ya 30. Kwa lita zako 200, miligramu 30 kwa lita ni gramu 6 za salfaiti, yaani kama gramu 10 na nusu za unga, maana si unga wote ni salfaiti. Zipimwe kwa mizani, si kwa kijiko cha chai.

Kama hutaki hata hizo, sawa, ila kazi inaongezeka. Chombo kijae hadi shingoni. Kila kifaa kioshwe kabla na baada. Siku nne au tano kabla ya mavuno, ponda ndoo moja ya zabibu zako safi kabisa, iache ichachuke, onja na unuse. Ikiwa nzuri, hiyo ndiyo chachu yako ya kuanzishia. Ikinuka, mwaga ndoo, usimwage simtank.

Sasa hili la kutopiga chochote shambani ndilo lililonikera. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe ambao salfa huuzuia, hausubiri mvua. Hewa kavu yenye uvuguvugu unaipenda. Unashika zabibu changa, ngozi inakakamaa, tunda likikua linapasuka. Kwenye ufa huo wanaingia nzi na bakteria wale wale wa siki. Kwa hiyo unataka kutibu siki kwa kuipanda shambani! Salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai. Ipige asubuhi, si kwenye jua kali la zaidi ya nyuzi 32, maana huunguza majani, na uache mapema kabla ya mavuno. Mvua zikianza na ubwiri vinyoya ukaja, kuna mrututu (chumvi ya bluu ya shaba) na chokaa, nao kwa kiasi: shaba haiozi udongoni, na Ulaya wamebana isizidi wastani wa kilo 4 kwa hekta kwa mwaka.

Pembe? Mwanafalsafa Rudolf Steiner aliyafundisha hayo mwaka 1924 huko Koberwitz, leo ni Poland. Pembe hukaa ardhini wakati wa baridi kali. Sisi baridi hiyo tunaitoa wapi? Watafiti waliolinganisha vipande vya shamba moja la zabibu California, vyote vya kilimo hai, vingine na dawa hizo za Steiner na vingine bila, hawakuona tofauti kwenye udongo kwa miaka sita ya kwanza. Samadi tia, iliyoiva, tena nyingi, lakini pesa ya semina ya pembe nunulia kipima pH.

Ila mwenye pembe angalau hakuunguzii shamba. Wapo wanaopita na chupa zisizo na lebo, “dawa ya majani ya asili, haina kemikali”. Mkulima mmoja aliniletea iliyobaki baada ya majani yake kukauka kingo. Maji ya bluu. Nilichovya msumari wa chuma humo, tukanywa chai, nikautoa umevaa shaba nyekundu. Mrututu mtupu, bila hata chokaa ya kuupoza, na aliuziwa kama majani ya mti.