Kupona kisigino huku kazi ni ya kusimama

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Maumivu ya miguu yasiyokwisha: unaishi nayo vipi, na nini kimekusaidia?" Mimi ni mlinzi hapa Moshi. Zamu yetu ni saa kumi na mbili, na sehemu kubwa unaimaliza mlangoni, juu ya sakafu ya saruji. Kisigino changu cha kulia kilinitesa zaidi ya mwaka mzima. Leo kinanikumbusha tu nikishika lindo usiku na mchana mfululizo.

Naanza na lalamiko. Karibu kila niliyemwonyesha mguu ule, kuanzia daktari hadi fundi viatu, aliniambia nipumzike. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye duka lake. Mlinzi akipumzika wiki mbili, anarudi na kumkuta mwingine kashika kirungu. Kwa hiyo naandika kwa ajili yetu tunaokula kwa kusimama: makonda, walimu, wauguzi, wasusi, mama lishe.

Maumivu yangu yalikaa chini ya kisigino, upande wa ndani. Ukibonyeza pale kwa kidole gumba unaruka. Asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani nilizipiga kwa ncha za vidole huku nimeshika ukuta. Nikishafika bafuni na kurudi, yanalegea. Nikipanda gari kutoka Boma Ng'ombe, nikikaa tu hadi Moshi, nikishuka yameanza upya. Daktari aliposikia hayo hakuhitaji maelezo mengi zaidi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutanuka hadi vidoleni, nao ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Kusimama muda mrefu, uzito wa mwili, vigimbi vilivyokaza na viatu vilivyokwisha vyote huuvuta utando huo pale unapojishika kwenye mfupa. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60.

Mtaani tafsiri zilikuwa nyingi. Jirani mmoja alikuwa na uhakika kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa. Mwingine alisema ni gauti, niache nyama. Gauti naijua kwa mjomba wangu: inamvamia usiku, kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwa chekundu, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Changu hakikuvimba wala hakikuwa na joto. Nilipopigwa picha, ukaonekana mwiba mdogo wa mfupa kisiginoni, nikajua sasa nakwenda kukatwa. Kumbe watu wengi wanao mwiba huo na hawaumwi popote, na wengine wanapona maumivu huku mwiba ukibaki palepale.

Kuhusu dawa nitasema machache. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ilinipa usiku mmoja mmoja wa nafuu. Lakini mtu anayeimeza kila siku, tena kwenye zamu ya usiku na tumbo tupu, anakaribisha vidonda vya tumbo, na mwenye presha au figo mbovu anajiongezea balaa. Isitoshe, ugonjwa huu ukishakaa muda mrefu, uvimbe si sehemu yake kubwa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kuchunguza nyama iliyotolewa kwenye visigino 50 vilivyofanyiwa upasuaji. Kilichoonekana humo ni uchakavu wa utando, dalili za uvimbe hazikuwepo. Sindano ya kisigino nayo hutuliza kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwarudiwa inaweza kupunguza mafuta yanayokinga kisigino, au kuufanya utando ukatike. Mwenzangu mmoja aliichoma, akafurahi, kisha akarudi kuchechemea kama mimi.

Kilichonisaidia ni mazoezi, tena mazoezi mazito. Nilifundishwa na mtaalamu wa viungo hospitalini. Simama kwenye kidaraja cha ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu unaouma, kisigino kining'inie hewani, ushike ukuta usianguke. Chini ya vidole weka taulo uliloviringisha ili vidole vielekee juu. Nyanyuka polepole kwa sekunde tatu, baki juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Unaanza na mizunguko 12, mara tatu (yaani seti tatu), siku moja ndiyo siku moja hapana. Ikiwa rahisi, unavaa mgongoni mkoba wenye kitu kizito (mimi niliweka mchanga ndani ya mfuko wa unga) na kupunguza mizunguko hadi 10, baadaye 8, huku ukiongeza seti hadi nne, kisha tano. Maumivu kidogo wakati wa kufanya yanavumilika. Ukiamka kesho yake yamezidi, punguza mchanga.

Nilimuuliza yule mtaalamu inakuwaje mguu uliochoka ubebeshwe mzigo. Akanijibu kwamba utando na kano hujengeka kwa kubebeshwa mzigo wenye kipimo na kupewa siku ya kujirudi. Saruji ya getini inauchosha mguu bila kuujenga, kwa sababu haina kipimo wala siku ya mapumziko. Akanisimulia pia kwamba zoezi hili lilijaribiwa Denmark kwa wagonjwa 48, matokeo yakatoka mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu, waliobeba uzito walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko waliojinyoosha tu. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kuna watu watasema basi hakuna tofauti. Tofauti ni kupata nafuu mapema, na mtu wa mshahara wa mwezi anajua thamani yake.

Kujinyoosha sikukuacha. Kabla ya kushuka kitandani napandisha mguu juu ya goti la pili, navuta vidole kuelekea kwenye ugoko kwa mkono, nahesabu hadi kumi, narudia mara kumi. Hilo ndilo lililopunguza makali ya zile hatua za asubuhi. Jioni, chupa ya maji iliyogandishwa nikiiviringisha chini ya unyayo inatuliza, ingawa haiponyi.

Halafu kuna suala la kiti. Kwenye malindo mengi mlinzi aliyekaa huhesabiwa kuwa amelala, na kwetu viti vilikuwa marufuku kabisa. Tulikwenda kwa msimamizi kikundi kizima, maana mmoja akienda peke yake anaonekana mvivu. Hatukuomba kukaa zamu nzima. Tuliomba stuli moja getini ya kukalia dakika chache kila saa, na tupokezane geti na doria, kwa kuwa kutembea kunauumiza mguu kidogo kuliko kusimama kama nguzo. Alibisha, kisha akakubali kwa majaribio, na hajatunyang'anya hadi leo. Kipande cha zulia nene la mpira cha kusimamia tulitafuta wenyewe.

Buti za kazini zilikuwa na soli ngumu kama makatambuga. Sikuwa na ruhusa ya kuzibadili, basi nikabadili kilichomo ndani. Soko la Memorial ukichambua raba za mitumba unapata zenye soli za ndani nzuri, unazichomoa na kuzikata zikae kwenye buti. Raba ya kuvalia nyumbani ikunje kwa mikono: ikijikunja katikati iache, chukua inayojikunja kwenye vidole tu. Ndala nilizipa likizo, hata za kuendea bafuni. Mwenye mguu wa umbo gumu zaidi anaweza kutengenezewa soli yake na mafundi wa viungo bandia. Kwa bahati sisi wa Moshi tuna TATCOT pale hospitali ya KCMC, chuo kinachowafundisha mafundi hao tangu 1981.

Haya yote niliyoandika ni ya kisigino cha aina yangu. Ukiwa na ganzi au moto kwenye nyayo zote mbili, hasa usiku, kapime sukari kabla ya kutafuta taulo na ngazi. Mwenye sukari hata yale maji ya moto ya chumvi tunayopenda kuloweka miguu ni hatari kwake, maana mguu wenye ganzi unaungua bila yeye kujua. Apime joto la maji kwa kiwiko, akague nyayo zake kila jioni, na asitembee peku hata ndani. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo uliokakamaa amwone daktari, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa wa viungo wenye dawa zake. Kadhalika aliyeumia ghafla akasikia kitu kikikatika chini ya mguu. Huyo mazoezi yangu yanaweza kumharibia.